Nashambulia kila mchezo, mbona sipandi?

*"Kocha, habari za kazi. Nacheza sataranji mtandaoni, michezo ya dakika tatu kila upande bila nyongeza ya sekunde, karibu kila usiku, kumi hadi ishirini. Mimi ni mtu wa kushambulia, kusubiri sikuwezi. Nikiwa na nyeupe nafungua na askari wa e4, natoa farasi f3, natoa askofu c4, na nikiona nafasi namtoa askofu kafara pale f7 ili mfalme atoke nje, kisha farasi anakula e5, kisha malkia anakuja h5. Nikishinda, nashinda kwa hatua ishirini na raha yake siwezi kuieleza. Lakini mwaka mzima sasa nazunguka kati ya alama 1300 na 1400. Nikipanda wiki hii, wiki ijayo nimerudi. Nikishindwa huwa ni moja kati ya mawili: shambulio limeisha nimebaki na kete pungufu, au muda umenikatikia nikiwa na mchezo mzuri kabisa. Na siku hizi wapinzani wanajibu vizuri mno hadi nahisi wengine wanasaidiwa na kompyuta. Wenzangu wananiambia niache fujo, nicheze kwa utulivu. Wengine wanasema nicheze michezo ya dakika moja ili niwe mwepesi. Nimejaribu yote mawili, sikuona tofauti, na huo utulivu ulinichosha. Je, mtu wa aina yangu anaweza kupanda bila kuacha kushambulia? Au nimefika mwisho wangu?"*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana safari hiyo ya f7, e5, h5 naijua nyumba kwa nyumba. Niliicheza mwenyewe miaka kadhaa, kwa imani ile ile uliyonayo wewe, na nilikwama karibu hapo hapo ulipokwama.

Nikiuweka wasiwasi wako kwa maneno yangu, unaogopa kwamba kile kinachokufanya uupende mchezo huu ndicho kinachokuzuia kupanda. Wenzako wanakwambia hivyo, na alama zako zinaonekana kukubaliana nao. Mimi sikubali. Kwa maelezo uliyonipa, wewe hushambulii sana. Unashambulia kidogo mno. Unawapeleka vitani watu watatu, wawili wanafia njiani, na jeshi lililobaki limelala nyumbani halijui hata kama kuna vita.

Weka ubao tuone (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa ulalo). Askari e4, askari e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Mpaka hapa hakuna aliyekosea, watu wamecheza hivi kwa karne nyingi. Sasa hatua yako ya nne: askofu anakula f7, sheki, yaani mfalme anatishiwa. Huenda hukujua kwamba kafara hiyo ina jina. Gambiti ni ufunguzi wa kutoa kafara, na hii inaitwa Gambiti ya Jerome, kutokana na Mmarekani Alonzo Wheeler Jerome aliyeitangaza mwaka 1874, na tangu siku hizo wataalamu wanaitazama kwa tabasamu. Mfalme anamla askofu. Farasi wako anakula e5, sheki tena. Farasi wa mweusi wa c6 anamla. Malkia wako anafika h5, sheki ya tatu, na hapo moyo unadunda.

Mweusi aliyetulia anamrudisha farasi wake kutoka e5 hadi g6, basi. Unapiga sheki kwa malkia d5, mfalme anarudi e8, unamla askofu wa c5. Umetoa askofu na farasi, umepata askofu na askari wawili. Una upungufu wa kete moja nzima. Kisha mweusi anasogeza askari d6 kumfukuza malkia wako, na hatua inayofuata anamtoa farasi f6.

Acha kuhesabu kete zilizoliwa, hesabu zilizo kazini. Malkia wako amesogea mara tatu na sasa lazima akimbie mara ya nne. Farasi wa b1 hajasogea, wala askofu wa c1. Ngome zote mbili ziko kwenye pembe zao kama zilivyopangwa mwanzo. Mfalme wako hajajificha pembeni kwa ile hatua ya pamoja na ngome. Hilo unaliita shambulio? Mimi naliita malkia mmoja anayetembea peke yake usiku.

Kwa nini basi umekuwa ukishinda nalo? Kwa sababu mfalme akitolewa nje, wachezaji wengi wa kiwango chako hushikwa na hofu na kumkimbiza kusikofaa. Unavyozidi kupanda unakutana na watu ambao wameshalizwa na mtego huo huo mara tano sita na sasa jibu wanalo mkononi. Ndiyo maana unapanda hadi 1400 kisha unarudishwa. Na hapo hapo nikujibu lile la kompyuta: wadanganyifu wapo, na majukwaa yana njia ya kuwaripoti, lakini anayemrudisha farasi g6 hahitaji msaada wa mashine yoyote. Wewe ndiye uliyemwachia kete moja juu.

Sasa rudi kwenye ubao ule ule kabla ya hatua ya nne. Askofu wako c4, askofu wake c5. Safari hii sogeza askari wa b, hatua mbili, hadi b4. Unamtoa bure. Askofu wake anamla. Unasogeza askari c3, askofu lazima akimbie, tuseme a5, kisha unasukuma d4. Hii ni Gambiti ya Evans, iliyobuniwa na nahodha wa meli kutoka Wales katika karne ya 19. Umetoa askari mmoja tu, na tazama umepata nini. Askari wako wameishika katikati ya ubao. Askofu wa c1 amefunguliwa mshazari wa kutoka a3 hadi f8. Malkia anaweza kufika b3 na kumsaidia askofu wa c4 kuitazama ile f7 unayoipenda. Mfalme wako anajificha pembeni hatua inayofuata, na ngome inakuja kati. Mpinzani amecheza na askofu mmoja tu muda wote huo.

Mwaka 1995, mjini Riga, Garry Kasparov akiwa bingwa wa dunia alimchezea Viswanathan Anand, mmoja wa wachezaji bora duniani, gambiti hiyo, na Anand alisalimu amri kwenye hatua ya 25. Anand, si mtu wa alama 1400. Kasparov hakutoa kafara ili mfalme atoke nje aonekane. Alitoa askari mmoja akanunua muda, na kwa muda huo akawaleta watu wake wote.

Nilichotaka kukuambia ni hicho, na mengine yote nitakayosema yanakizunguka. Kafara ni ununuzi. Kabla hujalipa, jua unanunua nini. Jerome anauza kete mbili ili kete moja ifanye kelele. Evans anauza askari mmoja ili kete zote zifike. Hatua ni ile ile ya nne, kwenye ubao ule ule.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni ya kizamani na inafanya kazi: kabla ya kutoa kitu karibu na mfalme wa mpinzani, itafute kete ya tatu. Ukishatoa kafara, ni kete zipi zako zinazoweza kumfikia yule mfalme ndani ya hatua mbili? Zikiwa mbili tu, na moja ni malkia, acha. Lete moja zaidi kwanza. Kisha uzihesabu zake zinazoweza kufika kumlinda. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wa kwanza kutambuliwa rasmi, mwaka 1886, alianza maisha yake ya mchezo kama mshambuliaji wa kutupwa. Baadaye alifundisha kwamba shambulio huwa na haki pale tu mizani imeshaelemea upande wako, na kwamba ikishaelemea huna hiari, lazima ushambulie, la sivyo faida inayeyuka. Wengi hukumbuka nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Hao wenzako wanaokuhubiria utulivu nadhani wamo.

Nikuonyeshe mfano mmoja mwingine, maana huu utakutana nao kila wiki. Mweusi ameshamficha mfalme wake g8, askari wake f7, g7, h7 hawajasogea, na farasi wake hayuko f6 kwa sababu askari wako wa e5 amemfukuza. Askofu wako yuko d3, farasi f3, malkia d1, askofu mwingine c1 njia yake ikiwa wazi. Askofu wa d3 anakula h7, sheki. Kafara hii imeandikwa tangu enzi za Mtaliano Gioachino Greco, karne ya 17. Mfalme anakula, farasi anaruka g5, sheki. Mfalme akirudi g8, malkia h5 na mati, yaani mfalme kukosa pa kukimbilia, inanukia h7. Akikimbilia h6, askofu wa c1 anamngoja: farasi akisogea tu, sheki inafunuliwa nyuma yake. Mpaka hapa kila mtu anajua. Wanapofia wengi ni pale mfalme anapopanda g6. Hapo hakuna sheki ya kufunuliwa wala mati ya haraka. Kwa kawaida jibu ni malkia g4 au askari h4, na kama hukuliona kabla ya kumtoa askofu, umeshapotea.

Kwa hiyo ukiiona picha hiyo, maswali ni manne, na yanaulizika kwa sekunde kumi. Farasi wangu anafika g5 bila kuliwa bure, hasa kama askofu au malkia wake anaitazama g5? Malkia wangu anafika h5 au g4? Yeye anaweza kurudisha kete kuilinda h7, kwa mfano farasi f6 au askofu kwenye mshazari wa b1 hadi h7? Na mfalme akienda g6 nafanya nini? Ukipata majibu mazuri ya yote manne, toa askofu bila kupepesa macho. Ukikosa moja, leta ngome au sukuma askari h4, na swali litakuwa bado linakungoja hatua inayofuata.

Unaona kwamba sijakuambia utulie popote.

Lakini lazima niwe mkweli upande wa pili, maana kuna walimu wanaosema kafara yoyote isiyopita kwenye injini, yaani programu ya kompyuta ya kuchambua mchezo, ni ujinga. Kwa mchezo wa saa mbili, huenda. Kwa mchezo wa dakika tatu hapana. Anayelinda ana kazi ngumu kuliko anayeshambulia: wewe ukikosea hatua moja shambulio linapungua nguvu, yeye akikosea moja amekufa. Na anatafuta hatua hiyo ya pekee huku saa ikimla. Injini haiogopi na haina mkono unaotetemeka. Kwa hiyo kafara ambayo kompyuta inasema ina kasoro kidogo, lakini kete ya tatu na ya nne ziko njiani, mimi naibariki. Jerome siibariki kwa sababu ikishajibiwa hakuna anayekuja nyuma yake.

Sasa tuje kwenye saa. Umeyaeleza kama matatizo mawili tofauti, kuishiwa kete na kuishiwa muda, na mimi nashuku ni moja. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 unakupa sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Majukwaa mengi huonyesha muda uliotumika kwenye kila hatua mchezo ukiisha. Fungua michezo kumi uliyoshindwa utafute, katika kila mmoja, hatua uliyofikiri kwa muda mrefu kuliko zote. Kisha angalia kama ilikuja kabla ya kafara au baada yake. Naweka dau kwamba mara nyingi utaikuta baada: umemtoa askofu kwa sekunde mbili, mpinzani amejibu ambavyo hukutarajia, ukakaa sekunde 40 ukitafuta mwendelezo. Ulitoa kwanza, ukafikiri baadaye.

Nasema hivi kwa uchungu. Kuna mchezo mmoja sitausahau, nilimtoa farasi kwa mbwembwe, nikatumia dakika nzima kutafuta mati, nikaipata kweli, ikiwa ni hatua sita mbele. Nilikuwa na sekunde tisa. Nikafika hatua ya nne.

Unachotakiwa kufanya ni kugeuza mpangilio. Hatua kumi za kwanza zisikule zaidi ya sekunde ishirini, maana ni za ufunguzi unaoujua. Hapo unabaki na 160. Chagua nyakati mbili, tatu zikizidi, za kutumia sekunde kumi na tano hadi ishirini, na moja kati ya hizo iwe daima kabla tu ya kafara. Ukishatoa, hatua mbili tatu zinazofuata uwe nazo tayari, uzicheze kwa mkono mwepesi. Saa yako haitateketea, na ya mpinzani itateketea, kwa sababu anayefikiria sasa ni yeye.

Je, michezo ya dakika moja ingekusaidia hapo? Wengi wanaamini hivyo na nawaelewa, lakini wasemavyo ni kama kusema mtu akisoma kwa haraka atajua maneno mengi zaidi. Wepesi wa macho kwenye sataranji unatoka mahali pengine. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, na baada yake Wamarekani William Chase na Herbert Simon mwaka 1973, walifanya jaribio rahisi: mtu anaonyeshwa ubao kwa sekunde chache, kisha anaambiwa aupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliupanga karibu wote, mgeni wa mchezo aliambulia kete chache. Ila Chase na Simon walipozimwaga kete ovyo, bila mantiki ya mchezo halisi, bingwa naye akawa karibu sawa na mgeni. Kwa maneno mengine, bingwa hana kichwa cha ajabu. Ana ghala la picha alizokutana nazo, na anaiona picha nzima pale ambapo wewe unaona kete moja moja.

Mchezo wa haraka hutoa kwenye ghala, hauwekei. Huna muda wa kuweka. Ukicheza dakika moja mara elfu, utarudia picha ulizonazo mara elfu, pamoja na zile mbovu, na mkono wako utazidi kuwa mwepesi kuzifanya. Malkia h5 atatoka bila hata kuombwa. Ghala linajazwa polepole: michezo mirefu, mafumbo, na kuangalia nyuma ulikosea wapi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ningebadilisha ni aina ya muda kabla ya aina ya mchezo. Hamia dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua. Kwa hatua 40 unapata sekunde 80 zaidi, yaani sita na nusu kwa hatua badala ya nne na nusu, na jambo la maana zaidi ni kwamba mchezo mzuri haufi tena kwa sababu ya kipanya au kidole. Bado ni mchezo wa haraka, bado una damu. Mara mbili kwa wiki cheza mmoja wa dakika 15 na nyongeza ya sekunde kumi, na huko ndiko ujaribu zile kafara kwa kuzifikiria kweli. Michezo ishirini kwa usiku punguza iwe minane.

Mafumbo sawa, fanya, dakika kumi na tano kwa siku, na usikimbizane na muda, tafuta usahihi. Lakini ujue fumbo lina uongo mmoja ndani yake: linakunong'oneza kwamba hapa kuna kitu. Kwenye mchezo hakuna anayekunong'oneza, na wewe mshambuliaji tayari unaona kitu kila mahali. Ndiyo maana nakuomba ujiongezee mafumbo ya upande wa pili, yale ya kutafuta hatua ya pekee ya kujilinda. Utayachukia. Ila ndiyo yatakayokufundisha swali ambalo nadhani hulijui kabisa: "Huyu amesogeza hapo, anataka nini?" Liulize kwa kila hatua ya mpinzani, hata kwa nusu sekunde, kabla ya kurudi kwenye ndoto zako. Kwa uzoefu wangu, mchezaji wa 1400 hupoteza kete nyingi zaidi kwa kutoliuliza swali hilo kuliko kwa kafara mbovu.

Mikhail Tal, mtu wa Riga, labda unampenda, washambuliaji wote wanampenda. Alimvua ubingwa wa dunia Mikhail Botvinnik mwaka 1960 akiwa na miaka 23, kwa kafara ambazo watu walibishana kuzihusu kwa miongo. Wanaomsimulia huishia hapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kati ya mwaka 1973 na 1974 mtu huyo huyo alicheza michezo 95 mfululizo bila kushindwa hata mmoja, na zaidi ya nusu ilikuwa sare. Alikuwa ameshajua kunusa hatari ya mwenzake. Na mwaka 1988, huko Saint John, Kanada, akiwa na miaka 51 na afya yake ikiwa dhaifu, alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa haraka kwenye mashindano ambayo Kasparov na bingwa wa zamani Anatoly Karpov nao walikuwemo. Dakika tano, mtu wa miaka 51. Mkono mwepesi wakati ule walikuwa nao vijana.

Kuhusu ushauri wa kuhamia funguzi tulivu, nitausema kwa ufupi. Hauna ubaya, kuna watu wanaufurahia, na baadhi wanapanda nao. Lakini wewe umeujaribu ukachoka, na mtu aliyechoka hajifunzi. Shika Evans kwa nyeupe pale mpinzani anapokupa nafasi, na asipokupa, cheza kwa kanuni ile ile ya kutoa kete kila hatua na kusukuma katikati. Kwa nyeusi chagua jibu moja dhidi ya e4 na moja dhidi ya d4, lolote, ukae nalo miezi mitatu. Kwa nyeusi usitafute gambiti sasa, unaanza ukiwa nyuma kwa hatua moja na deni ni kubwa vya kutosha.

Kitu kimoja zaidi ambacho washambuliaji hatupendi kukisikia. Shambulio zuri mara nyingi haliishii kwenye mati. Linaishia kwa mpinzani kutoa askari wawili ili mfalme wake apone, kisha malkia wanabadilishana, na wewe unaona kama karamu imeisha. Hapana, hapo ndipo unalipwa. Jifunze kumsindikiza askari mmoja akiwa na mfalme wake hadi mwisho wa ubao, na jifunze mwisho wa mchezo pale zinapobaki ngome na askari, kwa kiwango cha kwanza tu. Jumamosi tatu zinatosha. Nimeona watu wakipata alama mia kwa hilo peke yake, bila kugusa ufunguzi.

Na alama zenyewe zisikutese. Kwa hesabu ya Elo, ule mfumo wa kupima viwango vya wachezaji kwa alama, mtu aliyekuzidi alama 100 anatarajiwa kuchukua asilimia 64 hivi ya pointi mkikutana mara nyingi, ambayo maana yake ni kwamba wewe unachukua zaidi ya theluthi. Kwa hiyo kupanda na kushuka alama 80 ndani ya wiki hakusemi lolote kuhusu uwezo wako, ni upepo. Linganisha mwezi na mwezi. Kinachosema kitu ni vile usiku unavyokwenda: ukishindwa mara mbili mfululizo, funga. Mchezo wa tatu unaocheza kwa hasira unaujua mwenyewe, askofu ameshafika f7 kabla hujakaa vizuri.

Haya unaweza kuyafanya peke yako. Mtafute mwalimu wa ana kwa ana, au klabu yenye mbao za kweli, kama ukiyafuata kwa miezi mitatu na bado huoni kwa nini unashindwa, kwa maana kwamba ukiufungua mchezo uliopoteza huwezi kuonyesha kidole mahali ulipokosea. Mwalimu akikaa pembeni yako huona mambo ambayo rekodi ya mchezo haionyeshi: macho yako yanatazama upande gani wa ubao, mkono unatangulia kichwa wakati gani. Wanafunzi wangu wawili niligundua tatizo lao kwa kuangalia macho tu, hawakuwa wakitazama upande wa malkia kabisa. Kifundo cha mkono kikianza kuuma au vidole kufa ganzi, pumzika na umwone daktari. Na kama hiyo michezo kumi hadi ishirini ya kila usiku imeanza kula usingizi, kazi au watu wa nyumbani, na ukijaribu kuacha hauwezi, hilo haliko kwenye fani yangu. Zungumza na mshauri nasaha, hata kabla ya kutafuta mwalimu.

Kwa wiki hii nakupa kazi moja tu. Chukua michezo yako kumi ya mwisho uliyoshindwa baada ya kutoa kafara. Kwa kila mmoja andika namba mbili: kete ngapi zako zilikuwa zimetoka nyumbani siku ulipotoa, na sekunde ngapi ulifikiri kabla ya kuitoa. Injini usiifungue bado. Ukimaliza, tafuta mmoja ambao namba zote mbili zilikuwa kubwa na bado ulishindwa. Huo ndio unitumie, na saa zake, tuuangalie pamoja.